Umeme Usioondoka na Plagi



Juma lililopita nilikuwa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, kumzuru binti yangu aliyeolewa huko. Radi ya alasiri, mgeni wa kila mara katika milima ile, ilikuwa imeinyamazisha amplifaya ya sebuleni. Nikamkuta mjukuu wangu ameifungua, bisibisi mkononi. Nilipomkataza, akanijibu kwa adabu: “Lakini babu, plagi nimeshaichomoa.”

Chini ya meza ilikuwapo amplifaya kongwe ya nyumba hiyo, nzito kama jiwe la kusagia. Uzito ule ni wa transfoma, chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, ambayo huupokea umeme wa volti 240 na kuushusha, mara nyingi hadi volti 30 au 50, kabla haujaingia katika kapasita, vile vikopo vya kuhifadhia umeme. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa polepole, transfoma haina budi kuwa kubwa.

Waundaji wa leo wameupindua utaratibu. Umeme wa ukutani hugeuzwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu, bila kushushwa, kisha hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hutosha transfoma ndogo ya kutia kiganjani. Sina ugomvi na uvumbuzi huo: hupoteza umeme mchache kwa joto, na chombo kilichoandikwa 100–240 huendelea vyema umeme unapofifia jioni, ilhali kile kikongwe hulegea sauti.

Lakini umeme usioshushwa hukaa ndani ya kapasita kwa takriban volti 340, na huweza kubaki humo hata plagi ikitoka, hasa chombo kilichoungua, kwani njia ya kuumaliza huenda imekatika. Kapasita haivumi wala haiwaki taa. Volti 340 zaweza kuua.

Fundi alipofika aligusisha mita kwanza, akatunyoosheia kidole tusogee nyuma, kisha akaumaliza umeme ule kupitia rezista. Mjukuu wangu alimshikia tochi, kimya kabisa.

Sasa binti yangu huchomoa plagi na waya wa antena mara wingu linapoanza kuwa jeusi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa kuwa radi huliruka pengo lile dogo bila taabu.