Likizo ya shule si likizo ya insulini

Shule zikifungwa Agosti, mabasi ya kutoka Nairobi hushusha watoto Kakamega wakiwa na mabegi na hamu ya kumwona kukhu. Zinazofuata ni siku za raha tupu: miwa tele kuanzia Mumias hadi Malava, mpira hadi giza liingie, na kule Isukha na Idakho, kuandama ngoma za isukuti alfajiri kwenda kuona mafahali wakipigana.

Mtoto mwenye kisukari ana haki ya raha hiyo kama wenzake. Shida ni kwamba ratiba iliyokuwa ikimlinda shuleni, chakula na michezo kwa saa maalum, imevunjika. Nyumbani nako, watu wazima wako shambani au sokoni. Anayebaki naye ni wewe, kaka, dada au binamu. Ndiyo maana leo hatusemi na wazazi, tunasema nawe.

Kwanza, jua ugonjwa wenyewe. Watoto wengi wenye kisukari wana aina ya kwanza, ambapo kongosho halitengenezi insulini. Hakiletwi na peremende, hakiambukizi na si kurogwa. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipodungwa insulini kule Toronto, Kanada, mtoto aliyepata ugonjwa huu alikuwa akingoja kifo tu. Kwa hivyo anayemwambia mtoto aache sindano atumie miti shamba anacheza na uhai. Maombi hayakatazwi, lakini sindano isikose.

Pili, ijue sukari inaposhuka. Mtoto amedungwa asubuhi, akatoka mbio bila kumaliza chai, akacheza mpira saa mbili. Akianza kutetemeka, kutoka jasho, kununa bila sababu au kuongea ovyo, usimcheke. Mpime. Ikiwa chini ya 4, au huna kipimo karibu, mpe vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, pima tena, kisha apate chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, ita boda au gari, mkimbize hospitalini.

Tatu, ijue sukari inapopanda. Kiu isiyoisha, kukojoa kila mara, kutapika, kuumwa na tumbo, kupumua kwa kasi na pumzi yenye harufu ya matunda. Huku kwetu wengi husema ni malaria, wakampa dawa na kumlaza. Kumbe kila saa inayopita inamsogeza karibu na kifo. Waambie wahudumu wa hospitali mapema: huyu ana kisukari, mpimeni sukari. Na hata akiwa mgonjwa na hali vizuri, insulini haiachwi kiholela. Mpigieni daktari wake awaelekeze.

Je, muwa? Marufuku kali humfanya ale kwa kujificha, na hapo ndipo hatari ilipo. Ni heri ale kipande kidogo mbele yenu, kikihesabiwa kwenye chakula na dozi yake kama alivyoelekezwa kliniki, kuliko kutafuna shambani kutwa nzima.

Na friji kama haipo? Utafiti wa shirika la MSF na Chuo Kikuu cha Geneva uliochapishwa 2021, ukifuata hali ya joto ya kambi ya Dagahaley, Dadaab, ulionyesha kuwa insulini ilibaki na nguvu kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kakamega si moto kama Dadaab. Tafuta chungu cha udongo, kiloweshe maji, kiweke kivulini penye upepo, na chupa ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji. Isikae juani wala karibu na jiko.

Kabla ya safari, hakikisheni insulini, sindano na vipimo vinatosha siku zote za likizo, na akiba juu. Kisha waambie binamu wote dalili hizi, hata wale wadogo. Mtoto huyu asifichwe ndani kama aibu. Aende uwanjani, acheze, apige kelele, mradi mmoja wenu ana sukari mfukoni na anajua la kufanya.