Kabla ya kukopa chajio Waberi, fungua kabati kwanza

Wewe kijana unayeishi Waberi, au Iftin, au kule Galbet, hebu jibu kwa ukweli: leo jioni utakula nini, na pesa ya hicho chakula itatoka wapi?

Kwa wengi jibu linajulikana. Chakula kitatoka hotelini au kibandani, na pesa itatoka Fuliza. Ikikataa, mwenye duka ataandika jina lako kwenye daftari. Tangu Fuliza ianze Januari 2019, kukopa pesa ya anjera na chai kumekuwa kazi ya kubonyeza simu mara tatu. Novemba 2022 ikaja Hazina ya Hustler, ambayo ilinuiwa kuinua biashara ndogo. Lakini mtu akiwa na njaa saa mbili usiku hafikirii biashara. Anafikiria sahani.

Shida ya kukopa chakula ni kwamba sahani inaisha leo na deni linaamka nawe kesho. Ukilipa deni la jana kwa pesa ya leo, leo nayo inabaki bila pesa. Ndivyo msoto unavyozaa msoto.

Mtandaoni ushauri umejaa: pika mwenyewe, pika kwa kile ulicho nacho, usitupe mabaki. Ushauri huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba video nyingi zimepikwa katika jiko lenye friji na oveni, kwenye nchi ya baridi. Wewe una chumba cha kupanga, meko moja ya gesi au jiko la makaa, na joto linalopita nyuzi 35 mchana. Kwa hivyo tuanze na kabati lako wewe.

Kabati lako linafuata habari za dunia

Lifungue. Kuna mchele, pasta, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, sukari na majani chai. Karibu kila kitu hapo kimesafiri kuliko wewe.

Pasta ilizoeleka kwetu kupitia Somalia, ambako Waitaliano walitawala sehemu kubwa hadi walipong'olewa mwaka 1941. Waliondoka, baasto ikabaki kwenye sinia. Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa Kenya hutokana na mawese ya Malaysia na Indonesia. Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilipiga marufuku kuuza mafuta hayo nje kwa wiki kadhaa, na soko la dunia likatikisika. Ngano nayo tunaagiza kwa wingi, na vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari mwaka huo, bei ya chapati ilihisi. Julai 2023 India ikazuia mchele wake mweupe wa kawaida kuuzwa nje, na haikulegeza hadi Septemba 2024. Hata kama mchele wa dukani kwenu ni wa Pakistan, India ikifunga mlango wanunuzi wote wanakimbilia kwa jirani, na bei inapanda.

Kabati la namna hii likitegemewa peke yake, chajio chako kinaamuliwa na watu ambao hata hawajui Garissa iko wapi.

Kisha kuna barabara. Bidhaa nyingi kutoka Nairobi hupitia Thika, Mwingi na Madogo, zaidi ya kilomita 350, kabla ya kuvuka daraja la Tana na kuingia mjini. Kila shilingi inayoongezwa kwenye dizeli inapakiwa kwenye lori pamoja na viazi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta ya magari kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ada ya kukarabati barabara ikapanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Ukiuliza kwa nini kabichi ni ghali Garissa, sehemu ya jibu iko kwenye petroli.

Na mto ukikasirika, barabara yenyewe hukatika. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Nino, Tana ilivunja kingo na maji yakafunga njia eneo la Madogo. Aprili 2024 mambo yakajirudia, watu wakavuka kwa boti, na moja ikazama watu wakafa. Wale waliokuwa na unga na kunde nyumbani walipumua kidogo. Aliyezoea kununua chakula cha siku kwa siku alikuwa mikononi mwa mto.

Ayeyo hakuwa na friji

Sasa angalia upande wa pili. Watu wa hapa wameishi kwenye joto na ukame kwa vizazi, bila umeme na bila lori la kila siku. Walikulaje? Walijua kuhifadhi. Muulize ayeyo, nyanya yako, atakueleza.

Nyama iliyozidi haikutupwa. Ilikatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa na kuwekwa ndani ya samli. Hiyo ndiyo nyirinyiri, na inakaa miezi bila kuoza. Maziwa ya ngamia yaliachwa yachache kwenye chombo kilichofukizwa moshi, yakawa susa, ambayo hudumu siku nyingi kuliko maziwa mabichi. Anjera yenyewe hutegemea unga uliochachuka. Joto unalolalamikia ndilo linalofanya kazi hiyo usiku ukiwa umelala.

Vijana wengi tunaona vyakula hivi ni vya wazee, au vya sherehe tu. Tunaagiza chipsi na soda. Halafu tunatafuta mtandaoni jinsi ya kuhifadhi chakula bila friji, na jibu limeketi chumba cha pili likinywa chai.

Tuingie jikoni

Anza na anjera. Changanya unga wa ngano na wa mahindi au mtama, nusu kwa nusu kama ngano imepanda bei. Weka maji na hamira kidogo, funika, uache usiku kucha. Asubuhi ongeza chumvi, mimina kwenye kikaango chenye moto wa wastani, funika. Inaiva upande mmoja tu na haihitaji mafuta zaidi ya kupaka kikaango. Kwa chai ni kifungua kinywa. Ikibaki, irarue vipande mchana, ukaange kitunguu na nyanya moja, uchanganye humo, na hicho ni chakula kingine.

Ya pili ni ambulo. Hizi ni kunde au maharagwe madogo mekundu yaliyochemshwa polepole, wengine huongeza mahindi, kisha yakaliwa na sukari kidogo na mafuta ya simsim au samli. Kilo moja ya kunde kavu ikiiva hupita kilo mbili, kwa hivyo watu wanne wanashiba. Zaidi ya hayo, kunde na ndengu hulimwa kwa wingi Mwingi na Kitui, njia ile ile ya lori, bila kungoja meli kutoka Asia.

Utaniambia kunde zinamaliza gesi. Ni kweli ukizipika vibaya. Zilowe tangu asubuhi, na kwa joto letu badilisha maji mara moja mchana, la sivyo yatatoa povu na harufu. Zichemshe kwa nguvu dakika 15, kisha funika sufuria vizuri, uifunge kwa blanketi nzito na uiache saa tatu au nne. Zinaendelea kuiva kwa joto lao. Mwisho zirudishe motoni zichemke tena kabla ya kula. Mtungi wako utakaa siku zaidi.

Ya tatu ni pasta au wali, lakini kwa kipimo. Kikombe kimoja cha mchele mkavu kinatosha watu wawili. Ongeza ndizi mbivu kando, kama tunavyokula kwetu. Ndizi, ndimu na tikiti hulimwa mashamba ya kando ya Tana, na msimu ukiwa mzuri bei yake Soko Mugdi haiumizi. Ndizi inajaza tumbo, na mchuzi unaweza kuwa wa kitunguu na nyanya tu, ukakamuliwa ndimu juu.

Hapa kuna onyo ambalo video za nje hazikupi. Kiporo cha wali kwenye chumba chenye joto kama letu ni hatari. Kuna vijidudu vinavyovumilia kupikwa, na sumu vinayotoa wali ukikaa nje haiondoki hata ukiupasha moto tena. Bila friji, pika kinachotosha. Kama unataka chakula cha kulala, heri unga wa anjera uliochachuka kuliko wali wa jana.

Jambo la nne halihitaji sufuria. Changeni. Kama mko wanne chuoni, Garissa University au North Eastern National Polytechnic, kila mtu akinunua pakiti yake ya unga na chupa yake ndogo ya mafuta, nyote mnalipa bei ya juu. Mkinunua pamoja mara moja kwa wiki, bei ya kipimo kikubwa huwa nafuu, na moto mmoja unapikia wote. Kula sinia moja ni mila yetu, na hapa mila inaokoa pesa.

Na vijana wa kiume, tuambiane. Wengi wetu tumelelewa tukiamini jikoni ni kwa hooyo na dada. Ukihama nyumbani, imani hiyo inakugharimu kila jioni, kwa sababu lazima umlipe mtu akupikie. Ukibaki nyumbani, dada yako analipa kwa saa zake za kusoma. Kujua kupika kunde hakumpunguzii mtu uanaume. Kunampunguzia deni.

Mahali ambapo sufuria haifiki

Lakini tusidanganyane. Kuna wanasiasa watakaopenda sana makala kama hii, kwa sababu ikisomwa vibaya inasema: njaa ni kosa lako, hujui kupika. Sisemi hivyo.

Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na maeneo kame ya Kenya yakapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Mbuzi akifa, maziwa na nyama ya nyirinyiri hufa naye. Hakuna ujanja wa jikoni unaorudisha ngamia. Mtu ambaye kabati lake ni tupu kabisa hahitaji kufundishwa mapishi. Anahitaji chakula au pesa.

Tumeona pia kwamba bei hushuka au kupanda kwa kalamu. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilishusha pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi hadi Sh100. Kura zikapigwa, na kufikia Septemba ruzuku ikaisha. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25. Vijana walijaa barabarani, baadhi wakauawa, na Juni 26 Rais William Ruto akasema hatautia saini. Kizazi chako ndicho kilichotetea chapati. Usisahau hilo ukiambiwa siasa haikuhusu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Katiba hiyo hiyo imekabidhi kaunti kazi ya kilimo na mifugo. Kwa hivyo una maswali ya kuuliza, na hadhara ya bajeti ya kaunti ni mahali pazuri pa kuyauliza. Mto Tana unapita mlangoni: maji yake yanafikia mashamba mangapi ya vijana? Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia wana mahali safi na baridi pa kuyaweka, au yanaharibikia juani? Barabara ya Madogo ikikatika tena, mji una akiba ya chakula ya wiki ngapi?

Haya mawili hayapingani. Kupika kwa ulicho nacho kunakupa nafasi ya kupumua, kwa sababu kijana asiyedaiwa na kila duka anaweza kusimama kwenye mkutano na kusema bila kuogopa macho ya mtu. Anayekula kwa hisani ya daftari hunyamaza. Kila mwaka wa uchaguzi kuna mtu anayekuja na pakiti ya unga mkononi akijua vizuri sana nani atainyooshea mkono.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kubonyeza simu, fungua kabati. Loweka kunde za kesho. Changanya unga wa anjera ulale. Halafu pita kwa ayeyo umuulize jinsi nyirinyiri inavyotengenezwa, na uiandike mahali, maana hana miaka mingine mingi ya kusubiri uulize.