Mtumishi na Kiambishi '-an-'

Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba kauli ya kutendana haifundishiki vyema pasipo kuwaita wanafunzi wawili mbele ya darasa. Mmoja hatoshi. Ukisema "ninapendana" ukanyamaza, msikilizaji atakuuliza unapendana na nani. Kiambishi '-an-' hudai mwenzi. Nionavyo mimi, hicho ndicho kipimo cha kutambua iwapo kanisa nchini mwetu lingali ushirika wa waumini au limegeuka ukumbi wa watazamaji.

Wakristo wa kwanza walikitegemea mno kipimo hicho. Katika Agano Jipya la Kigiriki limo neno allelon, yaani "ninyi kwa ninyi", nalo hutokea takriban mara 100. Kigiriki hulisimamisha peke yake ilhali Kiswahili hulimeza ndani ya kitenzi, ndipo wafasiri wetu wakapata "farijianeni", "chukulianeni" na "tumikianeni". Paulo alipowaandikia Wathesalonike, yapata mwaka 50, kanisa lao lilikuwa changa, lenye kuteswa, na baadhi yao walikuwa wakiomboleza wafu wao. Hakuwaambia wangoje mhubiri kutoka mbali aje awatie moyo. Kazi hiyo aliwaachia wao wenyewe, wafiwa kwa wafiwa.

Hebu tukitazame kitenzi "tumikiana", kinachopatikana katika waraka kwa Wagalatia. Mzizi wake ni '-tum-', uliotuzalia pia mtume, mtumwa na mtumishi. Wafasiri walibahatika, maana kitenzi cha Kigiriki nacho kimetokana na neno la mtumwa. Paulo aliwataka watu huru wawe watumwa, kila mmoja kwa mwenzake. Sasa tembea katika makanisa yetu usikie neno "mtumishi" linavyotumika. Limekuwa cheo. Mtumishi ndiye abebewaye mkoba na Biblia, atengewaye kiti chenye mto, na anayeandaliwa chakula chake kando. Maana imepinduka, naye anayetumikiwa ndiye aitwaye mtumishi! Wanaisimu tumezoea kuona maneno yakibadilika maana bila kulia machozi, lakini badiliko hili lina gharama yake. Mwanafunzi aliyekosa karo huketi safu ya nyuma, akatiwa moyo kwa kipaza sauti pamoja na watu elfu moja, kisha akarudi kwake bila mtu hata mmoja kumwuliza jina.

Sisemi kwamba kiambishi hiki ni kitakatifu. Watu husengenyana, hushtakiana na kunyang'anyana viwanja vya kanisa kwa '-an-' iyo hiyo. Paulo alilijua hilo, kwani katika sura ile ile anayowahimiza Wagalatia kutumikiana anawaonya dhidi ya kuumana na kulana kama wanyama. Penye watu wanaojuana pana hatari ya kuumizana, na huenda ndiyo sababu wengi wetu tunapendelea umati, ambamo hakuna anayetufahamu.

Hata hivyo, mifano ya kinyume cha hayo tunayo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaingia Kenya, uliwafanya wamishonari na Waafrika kuungamiana dhambi wakiitana ndugu, katika enzi ambayo sheria za kikoloni hazikuujua undugu huo. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa AMECEA waliokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya ni familia chache za mtaa mmoja, zinazokutana nyumbani kwa zamu. Leo kwa Mama Wanjiku mwenye sofa, wiki ijayo kwa kijana mwenye chumba kimoja na viti vya kuazima. Hapo hakuna jukwaa. Asiyefika hujulikana, na kabla ya jua kutua mtu ametumwa kumjulia hali.

Makanisa yalipofungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya korona, mahubiri yaliendelea kwa runinga na simu bila shida kubwa. Lakini runinga haijui nyumba ambayo sufuria haijateleka tangu jana. Aliyeijua ni jirani aliyewahi kuketi humo.

Najua jumuiya nazo zina kasoro. Wanaume huzikwepa, wakawaachia akina mama, na nyingine zimekuwa vituo vya kukusanyia michango tu, kadi baada ya kadi. Kasoro hizo zarekebishika. Ukumbi wa watu elfu moja hauwezi kufanywa sebule, hata uwe na mchungaji mwema kiasi gani.

Walimu walezi wa vyama vya Kikristo shuleni wanaweza kuanza muhula huu huu. Vyama vingi hualika mgeni karibu kila Jumapili, wanafunzi wakapiga makofi, mgeni akaenda zake. Jumapili moja kwa mwezi mgeni asialikwe. Wanafunzi waketi wanane wanane, wa madarasa ya chini wakichanganyika na wa madarasa ya juu, kila mmoja aseme linalomlemea: hesabu zinazomshinda, mzazi mgonjwa, sare iliyochakaa. Wapangiane nani atamsaidia nani, kisha Jumapili inayofuata wakutane tena waulizane limefanyika lipi.