Kisu na Kuku Mgonjwa



Msimu wa karafuu umekaribia. Kambi zitajaa wachumaji, na kila jioni pakitafutwa kitoweo, kuku ndiye wa kwanza kukumbukwa. Kwa hivyo twapenda kusema neno juu ya mafua ya ndege.

Maradhi haya si hadithi. Mwaka 1997, kule Hong Kong, watu 18 waliyapata na 6 wakafa. Yalipoingia Misri mwaka 2006, wengi walioambukizwa walikuwa wanawake na watoto, kwani ndio wanaoishi na kuku majumbani. Mwaka 2017 yalionekana Uganda, kwa ndege wa mwitu kandoni mwa Ziwa Victoria.

Khofu yetu khasa ni mazoea yetu wenyewe. Kuku akianza kusinzia na kushusha mbawa, mwenyewe hukimbilia kisu asije akafa kibudu. Kisha mama humnyonyoa, watoto huchezea manyoya, na matumbo hutupiwa paka, ambaye naye huambukizwa. Hatari iko hapo, katika damu, mate na kinyesi. Nyama ikiiva barabara viini hufa, lakini mpishi keshavigusa.

Kuku kuwa halali ni jambo moja, kuwa salama ni jambo jingine. Wala sharia haikumlazimisha mtu kula kila kilicho halali.

Wako watakaotujibu kuwa hicho ni kideri tu, nacho twakijua tangu zamani. Ni kweli twakijua, lakini nani kati yetu awezaye kupambanua kwa macho kideri na mafua? Kuku hufa namna moja. Wengine watasema kuku ni fedha. Nasi twaijua bei yake msimuni! Lakini mwenye shamba akilazwa hospitali, karafuu hazimngojei, zitachanua mtini.

Rai yetu ni kwamba kuku mgonjwa asichinjwe wala asiuzwe. Wakifa kadhaa kwa mpigo, watoto wawekwe mbali, mizoga isishikwe kwa mikono mitupu, na sheha apelekewe khabari mara moja ili daktari wa mifugo aje kutazama kabla hawajafukiwa. Kuku wasilale jikoni. Aliyewahudumia aoshe mikono kwa sabuni, maji matupu hayatoshi. Na yule kuku wa bei rahisi mno aletwaye kambini magharibi, miguu imefungwa na kichwa kimelala, arudi na aliyemleta.

Katibu