Sindano za kujaza uso: ile yenye kudumu sana njo ya kuogopa zaidi

Picha za midomo minene na mashavu yaliyojaa zinapita kila siku ku telefone, na swali la kwanza la watu ni moja: itadumu muda gani? Wauzaji wanalijua, njo maana wanasifu ile "ya maisha yote". Lakini kudumu siyo faida kila mara.

Dawa inayotumiwa zaidi ni asidi hialuroniki. Hata mwili wetu unaitengeneza. Inaingizwa chini ya ngozi kama jeli, inavuta maji, kisha mwili unaivunja polepole, karibu miezi 6 mpaka 18. Ku midomo, ambayo inatembea kutwa nzima kwa kula na kusema, inaisha mapema kuliko ku mashavu. Faida yake kubwa haionekani ku kioo: iko dawa ya kuiyeyusha, inaitwa hialuronidasi. Munganga akikosea, anaweza kurudi nyuma.

Zingine hazina hiyo njia ya kurudi. Ile yenye kalsiamu, kama ya mifupa, inakaa karibu mwaka 1 ao zaidi kidogo. Asidi ya polilaktiki inaweza kufika miaka 2, na mtu anadungwa mara kadhaa. Kisha iko PMMA, chembe ndogo sana za plastiki. Hizo mwili hauzivunji hata kidogo.

Mbaya kupita zote ni silikoni ya maji. FDA, ofisi ya Marekani inayochunguza dawa, haijairuhusu kudungwa kwa kujaza uso wala makalio. Inaweza kuhama, inaleta vinundu hata kisha miaka mingi, na kuitoa kunaomba upasuaji. Mara nyingi haitoki yote.

Hatari ingine haingoje miaka. Jeli ikiingia ndani ya mshipa wa damu, inauziba. Ngozi inaweza kufa, na mtu anaweza kupofuka, zaidi kama alidungwa karibu na pua ao kati ya macho. Hapo ni mambo ya dakika na masaa, hakuna wakati wa kutafuta gari la kwenda muji mwingine.

Huko Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2021, sheria inakataza kudunga mwenye chini ya miaka 18 kwa urembo tu. Mwaka ule ule FDA ilionya juu ya kalamu zisizo na sindano, zenye watu wananunua ku intaneti na kujijaza midomo wao wenyewe nyumbani.

Mwenye kurudi Goma ao Bukavu kisha kudungwa ng'ambo achunge karatasi yenye jina la dawa. Akisikia maumivu makali, ngozi ikigeuka nyeupe ao macho yakififia, munganga atauliza kwanza hilo jina.