Kufuli Limzuialo Mwenye Nyumba

Wako mafundi waaminio kwamba usalama na urahisi ni mahasimu wawili wasioweza kukaa chini ya paa moja. Kwa maoni yao, kila urahisi apewao mtumiaji wa barua pepe ni ufa ukutani, na kila adha impatayo ni tofali jipya. Akinung'unika, huambiwa avumilie kwa faida yake mwenyewe. Akitafuta njia ya kando, huitwa mzembe. Na wezi wakiingia, yeye ndiye wa kwanza kushtakiwa. Imani hii imeenea maofisini na vyuoni, nayo husemwa kwa sauti ya elimu. Makala haya yanaipinga. Nasema kwamba urahisi ni kiungo cha usalama wenyewe, na kwamba zuio lisilochukulika na watu wema huishia kuwatumikia waovu.

Wazo hili si geni wala si la wavivu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha lugha mjini Paris, alichapisha katika jarida la mambo ya vita makala juu ya maandishi ya siri, akaweka masharti sita. Sharti la pili, kwamba mfumo usitegemee kufichwa kwa ufundi wake, limekaririwa na wataalamu hadi leo. Sharti la sita halitajwi sana: kwamba mfumo uwe rahisi kutumika, usimchoshe mtu akili wala kumtaka akumbuke mlolongo mrefu wa kanuni. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika huko Marekani misingi ya kulinda habari zilizomo katika kompyuta, nao wakahesabu miongoni mwake kwamba ulinzi ukubaliane na akili ya mtumiaji, hata autumie sawasawa kwa mazoea. Basi waudharauo urahisi hawana haki ya kujiita warithi wa elimu hiyo. Wamechukua nusu ya urithi na kuitupa nusu.

Tuitazame Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, kwa kuwa historia yake ina funzo kwa kila upande. Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilijipeleka chenyewe kwa anwani 50 za kwanza katika orodha ya kila aliyeambukizwa. Tarehe 4 Mei 2000 likaja balaa kubwa zaidi, ILOVEYOU, lililotoka Ufilipino na kuenea duniani kwa muda mfupi, likijituma kwa anwani zote lilizozikuta na kuharibu picha na faili nyingine. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Herufi tatu za mwisho zilionyesha kwamba hii si barua bali ni mfululizo wa amri kwa kompyuta. Lakini Windows ilikuwa imepangwa na watengenezaji wake kuzificha herufi hizo, hata wengi wakaona TXT tu, alama ya maandishi matupu. Walifungua, wakaitwa wajinga.

Nauliza: ujinga huo ulikuwa wa nani? Ni wa mtu aliyesoma alichoonyeshwa, au wa fundi aliyemficha neno la mwisho? Na ni nani aliyeipa barua ngeni uwezo wa kuiamuru orodha nzima ya anwani bila mwenyewe kuulizwa?

Baada ya balaa hilo, katika mwaka huo huo wa 2000, Microsoft ilitoa sahihisho la Outlook. Aina nyingi za viambatisho zilizuiwa kabisa, na mpokeaji wa kawaida hakuachiwa ufunguo. Programu nyingine ikitaka kusoma anwani, onyo lilijitokeza kuomba ruhusa. Sisemi kwamba hatua hiyo haikuwa na maana. Barua iwezayo kujituma yenyewe yastahili kutiwa lijamu. Walakini ukuta huu haukutofautisha faili ya mwenzako uliyoingoja tangu asubuhi na faili ya mtu usiyemjua. Maji hufuata mkondo. Watu walijifunza kubadili jina la faili, au kuifunga ndani ya zip, kisha kumwelekeza mpokeaji namna ya kuifungua. Wezi nao hawakulala. Mwaka 2004 kirusi Bagle kilisafiri ndani ya zip iliyofungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe likaandikwa katika barua hiyo hiyo. Programu za kukagua virusi hazikuona ndani, na watu waliokwisha kuzoea vifurushi vya namna hii walifungua. Desturi ya kuzunguka ukuta ikawa vazi la mwizi.

Na zile ruhusa ziombwazo kila mara? Mbwa amfokeaye kila apitaye, hata jirani, siku ya mwizi hakuna atakayeamka kwa kubweka kwake. Mtu aulizwaye swali lile lile mara nyingi, na kila mara kazi yake ikasimama mpaka ajibu ndiyo, hufundishwa kujibu ndiyo. Aliyemfundisha ndiye atakayemlaumu.

Ushahidi mwingine ni wa programu ya PGP, ifumbayo barua ili asiisome ila aliyeandikiwa. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha jaribio lao: watu 12 walipewa PGP 5.0 na dakika 90 ili watie sahihi barua na kuifumba. Theluthi moja tu waliweza. Watatu waliituma siri ikiwa wazi kabisa, bila kukusudia. Hesabu za PGP hazikuvunjwa na adui yeyote. Zilishindwa na sura ya programu iliyomkabili mtumiaji. Kufuli lisilofungika ni pambo la mlango.

Wapinzani wangu watanijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Watasema watu wakipewa hiari watachagua maangamizi. Jibu langu ni kwamba sitetei hiari isiyo na mpaka. Natetea mpaka uliowekwa mahali pake. Makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya hati, ndizo zilizombeba Melissa. Kwa miaka mingi ulinzi dhidi yake ulitegemea kitufe kimoja cha kuruhusu, na wezi waliandika ndani ya hati zao maelezo ya kumshawishi msomaji akibonyeze. Februari 2022, miaka 23 baada ya Melissa, Microsoft ilitangaza kwamba makro za hati zitokazo intanetini zitazuiwa. Julai ikarudi nyuma kwa malalamiko ya watumiaji, na kabla mwezi haujaisha ikalirudisha zuio pamoja na maelezo yaliyo wazi zaidi. Zuio hili hutazama asili ya hati: itokayo nje hutiwa alama, iliyoandikwa nyumbani haiguswi, na mwenye sababu njema aweza kuiondoa alama hiyo kwa makusudi. Hapa hiari imebaki, lakini imeondolewa njiani ambapo mtu hujikwaa nayo kwa haraka.

Lipo neno moja litupasalo sisi wa lugha. Onyo ni tungo, na tungo hupimwa kwa kile akielewacho msomaji wake. Katika vyuo vyetu onyo huja aghalabu kwa Kiingereza cha mafundi, likimuuliza mwanafunzi kama anaamini kitu ambacho hajapata kuelezwa ni kitu gani. Huyo hakuonywa, ametegwa. Na mhadhiri azuiwaye kutuma tasnifu kwa njia ya chuo haachi kuituma. Huipeleka kwa WhatsApp au kwa flashi ipitayo mikono mitano. Mlinzi aandika katika daftari lake kwamba hakuna kilichopita mlangoni, nalo daftari lasema kweli, kwa kuwa kila kitu kimepita dirishani.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, hatari izuiwe pale izaliwapo, ndani ya programu na mitambo, kabla ya kumtwika mpokeaji hukumu isiyo ya fani yake. Pili, kila zuio liwe na njia halali ya kupitia, iliyo fupi kuliko njia ya panya. Tatu, maonyo yawe machache, yaandikwe kwa lugha ya anayeonywa, nayo yaseme lipi lina hatari na afanye nini. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliwaagiza wenye mifumo wasiwalazimishe watu kubadili maneno ya siri kila baada ya muda pasipo dalili ya kuvuja. Kama chombo cha namna hiyo kimeweza kupunguza adha kwa ajili ya usalama, mafundi wetu hawana udhuru. Siku nyingine mwizi akiingia, waanze kwa kukagua mlango walioujenga, ndipo wamwite karani.