Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Katika ofisi nyingi za umma utalikuta ukutani: sanduku la mbao lenye kufuli, limeandikwa MAONI. Watu hulicheka wakidhani karatasi zake hazisomwi. Mimi sikubaliani nao. Zinasomwa, tena kwa makini. La kuuliza ni nani ameshika ufunguo, na mara nyingi ni msaidizi wa mkubwa yule yule anayelalamikiwa. Karatasi isemayo chooni hakuna maji itafika mezani. Isemayo dawa zinauzwa kwa mlango wa nyuma itaishia mfukoni, baada ya mwandiko kuchunguzwa.

Kwa hiyo ule udhuru kwamba maoni ni mengi, hayajachambuliwa na fungu halitoshi, haunishawishi. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka Bara na Visiwani ikiwauliza Watanzania kuhusu mfumo wa vyama. Takribani asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kijirekebishe. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Sina ugomvi na hilo. Wachache nao walikuwa na hoja.

Lakini Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 kandamizi zifutwe au zirekebishwe, ikiwamo ile ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini. Hapo mwendo ukawa wa kinyonga. Miaka mingi baada ya vyama vingi kuanza, nyingi zilikuwa bado vitabuni. Je, maoni hayakuchambuliwa? Yalichambuliwa na Jaji Mkuu mwenyewe. Fungu halikutosha? Kufuta sheria hakuhitaji saruji wala nondo. Waliotakiwa kuzifuta ndio waliokuwa wakizitumia, basi.

Tusiletewe semina nyingine ya namna ya kukusanya maoni. Kukusanya tunajua, hata kupita kiasi (fomu ninazojaza kila mwaka zinatosha kufungia vitumbua). Ufunguo apewe mtu asiyelipwa na ofisi hiyo. Kila mwezi majibu yabandikwe ubaoni, kando ya sanduku: hili tumelifanya, hili tumelikataa, na sababu ni hii. Mkubwa akikataa kwa maandishi, walau nitajua wa kumfuata ni nani. Asiyeweza hata hilo aling'oe sanduku lake, ukuta upakwe chokaa.